Diplome, mupira na moyo wa mutoto: historia ya masomo yetu ya sekondari katika Kivu

Kila mwaka wakati wa kufungua masomo unapokaribia, wazazi wanaanza mabishano yaleyale. Kamati ya wazazi inaketi pamoja na prefe, wanahesabu minervali na prime ya walimu, na wakiona kama feza hazitoshi, mutu mumoja anasimama na kusema: "Tuondoe mambo ya michezo. Watoto wetu wamekuja kutafuta diplome, hawakuja kucheza." Wengi wanapiga makofi. Na katika familia zilizokimbia vita, kule ambako mutoto amekwisha kupoteza mwaka muzima ao miaka miwili, sauti hiyo inakuwa na nguvu zaidi: soma, acha mupira, soma, acha kwaya, miaka yako inapita.

Hatusemi kama wazazi hao hawana sababu. Minervali ni nzito, na diplome ya serikali ndiyo karatasi ambayo mutoto wa mulimaji anaweza kuonyesha popote katika inchi. Lakini mbele ya kukata kitu, inafaa tujue kilitoka wapi na kilitusaidia nini. Masomo ya sekondari katika Kivu yana historia ya zaidi ya miaka makumi nane, na historia hiyo ina jibu juu ya swali hili. Tuifuate hatua kwa hatua.

Wakati wa Wabeleji

Katika koloni ya Wabeleji, kazi ya kufundisha ilikuwa karibu yote mikononi mwa wamisionere. Kwa muda murefu serikali ilitoa feza kwa masomo ya misioni za Kikatolika. Misioni za Waprotestanti zilingojea mupaka kisha Vita ya Pili ya Dunia ndipo nazo zikasaidiwa. Mutoto mweusi alifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kazi ya mikono. Kama alitaka kuendelea mbele, njia zilikuwa chache: seminari ndogo kwa yule aliyetaka kuwa padri, shule ya kutayarisha walimu, shule ya wauguzi, ao ile ya makarani.

Bukavu ilikuwa ingali inaitwa Costermansville wakati Wajezuiti walifungua pale, katika mwaka wa 1938, koleji ya Notre-Dame de la Victoire. Ndiyo koleji ambayo leo watu wote wanaiita Alfajiri. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa wazungu. Wenyeji wa mulima waliona majengo yake makubwa, lakini watoto wao hawakuketi kwenye viti vile. Ilikuwa mupaka mwaka wa 1948 ndipo serikali ya koloni ilitoa mupango mupya wenye kuruhusu masomo ya sekondari ya kweli kwa Wakongomani, na mupaka mwaka wa 1954 ndipo masomo ya serikali, yasiyo ya misioni, yalianza kuwapokea pia. Mwaka huohuo chuo kikuu cha Lovanium kikafunguliwa kule Léopoldville.

Matunda ya kuchelewa huko tunayajua. Thomas Kanza alimaliza chuo kikuu cha Louvain katika mwaka wa 1956, na ilikuwa habari kubwa katika inchi yote, kwa sababu mbele yake Wakongomani wasio mapadri waliofika pale hawakuwako. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diplome ya chuo kikuu hawakufika makumi tatu katika inchi kubwa hivi. Kwa wasichana ilikuwa mbaya zaidi. Sophie Kanza, dada ya Thomas, ndiye Mukongomani mwanamuke wa kwanza kumaliza sekondari, na alimaliza katika mwaka wa 1961, uhuru ukiwa umekwisha kupatikana! Miaka tano kisha hapo, katika 1966, alikuwa waziri. Tuone basi umbali ambao musichana mumoja anaweza kutembea akifunguliwa mulango.

Sasa, maisha ndani ya masomo yale yalikuwa namna gani? Wazee waliopita katika internati wanasimulia mambo yanayofanana: kengele ya alfajiri, sala, darasa, shamba kisha muchana, mupira mbele ya jua kushuka, kwaya, na siku za sikukuu michezo ya teatre. Tusiwapambe wakoloni. Fimbo ilikuwa karibu, mutoto alikatazwa luga ya mama yake, na kazi ya shamba mara nyingi ilikuwa kwanza ya kulisha nyumba ya misioni. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wazee hao hawasahau. Mutoto aliyetoka Kabare, Walungu, Masisi ao Lubero, akiwa mbali na nyumbani, alijikuta ndani ya kundi. Alikuwa na fasi yake katika ekipe, sauti yake katika kwaya, mustari wake katika shamba. Hata kama alipata pointi mbaya ya hesabu siku ya kwanza, kesho yake kulikuwa kitu kingine ambacho alikiweza. Hicho kilimufanya abaki.

Nje ya masomo pia, miaka ya 1950, Padri Georges Defour wa Wamisionere wa Afrika alianzisha hapa Kivu kundi la vijana la Xaveri, ambalo lilivuka mipaka na kuingia Rwanda na Burundi. Pamoja na maskuti, Xaveri ilifundisha vijana kujitegemea, kupika, kutembea safari ndefu kwa miguu, kuongoza wenzao. Wakubwa wengi wa mashirika ya raia katika Kivu walianza kujifunza kuongoza mukutano wakiwa bado na kaputula.

Mutihani mumoja kwa inchi yote

Kisha uhuru, watoto walijaa katika masomo. Kila muzazi alitaka mutoto wake apate kile ambacho yeye alinyimwa. Serikali mupya ilibadilisha mupango: miaka miwili ya kwanza ikaitwa cycle d'orientation, ile ambayo wakubwa wetu wangali wanaita "C.O.", na kisha miaka minne ya humanités. Ndiyo miaka sita ambayo tunaijua.

Lakini kulikuwa tatizo. Masomo yaliongezeka kuliko walimu waliotayarishwa, na kila moja lilitoa karatasi yake. Diplome ya fasi moja ilikuwa na uzito, ya fasi ingine haikuwa nao. Kwa hiyo katika mwaka wa 1967 serikali iliweka mutihani mumoja kwa wafinalisti wote: Examen d'État, ambao leo tunauita Exetat.

Wengi wetu tunaujua vizuri, lakini kwa wale ambao mutoto wao wa kwanza anafika darasa la sita mwaka huu, tueleze. Kwanza kuna sehemu inayofanywa mbele, yenye disertasyo, Kifaransa cha kusema, na kazi za mikono kwa wale wa ufundi. Kisha kuna siku ine mufululizo: siku ya elimu ya kawaida, siku ya sayansi, siku ya luga, na siku ya masomo ya section ambayo mwanafunzi alichagua. Kwa siku hizo ine maswali yanatoka Kinshasa, kila swali lina majibu kadhaa, na mwanafunzi anachagua moja. Anayefikisha 50 kwa mia anapata diplome. Na ile pursenti inabaki naye maisha yote. Chuo kikuu kitaiuliza, bwana kazi ataiuliza, hata wakwe wakati fulani wanaiuliza.

Exetat ilileta haki ambayo haikuwako. Mutoto wa Walikale na mutoto wa Kinshasa wanafungua maswali yaleyale siku ileile. Jina la baba haliandikwe juu ya swali. Ndiyo sababu watu wa vijijini waliupenda mutihani huu, na ndiyo sababu siku ya matokeo inakuwa sikukuu. Zamani watu walingojea liste ibandikwe ao isomwe kwa redio. Leo ni ujumbe kwenye simu. Lakini furaha haikubadilika. Vijana wanamwagiana puduru nyeupe kichwani, wanazunguka mitaa wakiimba, na mama anatoka na kitenge chake anakitandika chini ili mutoto apite juu yake.

Lakini mutihani huo ulileta pia ugonjwa. Kama miaka sita inapimwa kwa siku chache, watu wanaanza kufikiri kwamba kila saa isiyokuwa ya mutihani ni saa ya kutupa. Hapo ndipo yalianza yale mabishano ya kamati ya wazazi.

Wakati wa animation, kisha wakati wa prime

Katika mwaka wa 1971 inchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata majina ya kizungu yakaondolewa. Majina ya masomo yalibadilika pia. Ndio wakati ambao Notre-Dame de la Victoire ilichukua jina la Alfajiri, na masomo mengine ya Bukavu na Goma yakapata majina ya kwetu. Tarehe 30 Desemba 1974 masomo yote ya misioni yakachukuliwa na serikali. Somo la dini likatolewa, fasi yake ikachukuliwa na mafundisho ya chama cha MPR.

Michezo haikuisha wakati ule. Iligeuzwa. Vijana walicheza ngoma na kuimba, lakini waliimba sifa za kiongozi. Waliita hiyo animation. Kazi ya mikono ikaitwa salongo, na ilikuwa amri. Mwanafunzi aliyekuwa na miguu myepesi hakucheza kwa sababu alipenda kucheza, alichezeshwa. Hapa kuna funzo ambalo tulishike: muchezo na nyimbo vinaponya moyo wa kijana vikiwa vyake. Vikigeuzwa kuwa kazi ya kupamba wakubwa, vinamuchosha kuliko somo lenyewe.

Serikali iliona mzigo ni muzito. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano na makanisa: masomo yanabaki ya taifa, lakini makanisa yanayaongoza. Baadaye Waislamu nao waliingia katika mapatano hayo. Ndiyo maana mupaka leo tunasema "conventionné catholique", "protestant", "kimbanguiste" ao "islamique".

Kisha ikaja njaa. Miaka ya 1980 mushahara wa mwalimu ulianza kuyeyuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati feza za Zaire zilianguka na walimu walifanya mugomo mureferefu, wazazi walikubali kuwalipa walimu wenyewe ili watoto wasikae nyumbani. Ilisemwa ni ya muda mufupi. Ndiyo ile prime ambayo imebaki nasi zaidi ya miaka makumi tatu.

Tuseme ukweli wote juu ya prime. Iliokoa masomo. Bila wazazi wa Kivu, wauzaji wa ndizi na makala, walimaji na wavuvi, masomo mengi yangefunga milango na hayangefungua tena. Muzazi Mukongomani alifanya kazi ya serikali. Lakini prime ilileta pia desturi mbaya: kufukuza mutoto. Katikati ya somo mutu anaingia na liste, anasoma majina, na wale ambao hawajalipa wanabeba madaftari na kutoka mbele ya wenzao. Mutoto anajifunza kama thamani yake imeandikwa kwenye risiti. Na wakati feza zote zinaenda kwa mushahara, vitu vya kwanza kufa vilikuwa vile visivyo na mutu wa kuvidai: biblioteka, mipira, vyombo vya muziki, chakula cha internati. Hakuna aliyetoa amri ya kuviua. Vilikufa kimyakimya, kimoja kimoja.

Wakimbizi, vita na volkano

Mwezi wa saba wa 1994, katika siku chache, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma. Wengi wengine waliingia Bukavu na Uvira. Masomo yalikuwa fasi ya kulala. Viti vilichomwa kama kuni. Kolera iliua watu wengi sana kandokando ya barabara, na watoto wetu waliona maiti wakienda kuchota maji. Vita vya 1996 vikafuata, na vile vya 1998, ambavyo vilikata inchi vipande vipande mupaka 2003.

Wakati inchi ilikatika, mutihani ulibaki mumoja. Hilo ni jambo ambalo watu wa nje hawalielewi upesi. Feza zilikuwa tofauti, wakubwa walikuwa tofauti, barabara zilifungwa, lakini wazazi na walimu wa mashariki walidai watoto wao wafanye Exetat ya taifa, kwa sababu diplome ya upande mumoja isingefaa kitu kesho. Kwa miaka mingi ndege za MONUC, na kisha za MONUSCO, zilibeba masanduku ya maswali mupaka fasi ambazo gari halikufika. Wakati wanasiasa walikuwa bado wanabishana kama Kongo itabaki moja, wafinalisti wa darasa la sita walikuwa wamekwisha kujibu kwa kalamu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Lava ilipita katikati ya muji wa Goma, ikala karibu sehemu 13 kwa mia ya muji, pamoja na katedrali ya Saint-Joseph, maduka, nyumba na masomo. Watu walikimbia kwa miguu kuelekea Gisenyi na Sake. Mawe yalikuwa bado ya moto wakati wenyeji walianza kurudi na kusimamisha nyumba za mbao juu yake. Masomo pia yalifunguliwa tena kwa mbao na mabati, na bulu na nyeupe za wanafunzi zikaonekana tena juu ya mawe meusi. Vijana wa Goma wanacheza mupira juu ya lava mupaka leo. Vidole vyao vinajua.

Lakini miaka hiyo yote, nani alishugulikia moyo wa mutoto? Kwa sehemu kubwa ni wale wasiolipwa: viongozi wa kwaya, maskuti, Xaveri, mwalimu wa mupira aliyenunua mupira kwa feza zake, walimu waliotayarisha mashindano ya génies en herbe ambapo darasa moja linapigana na lingine kwa maswali ya historia na sayansi. Tukiwauliza watu waliosoma miaka ile ni kitu gani kiliwashikilia, wengi hawataji kitabu. Wanataja ekipe, klabu, ao mwalimu mumoja aliyewaita kwa jina.

Bure kwa primaire, mzigo kwa sekondari

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika article 43, inasema masomo ya primaire ni ya lazima na ya bure katika masomo ya serikali. Ilingoja mupaka mwezi wa tisa wa 2019 ndipo ikatendeka. Katikati ya hapo, sheria ya 2014 ilibadilisha tena mupango: C.O. ya zamani ikawa darasa la 7 na la 8 la éducation de base, na humanités zikabaki miaka minne.

Bure hiyo ilirudisha watoto wengi sana darasani, na tunaishukuru. Lakini haikufika sekondari. Mutoto anamaliza primaire bila kulipa, kisha anagonga kichwa kwenye minervali. Na walimu wanapokea madarasa yaliyojaa, watoto wane kwenye kiti cha wawili. Katika darasa kama hilo mwalimu hawezi kuona nani analala kwa njaa, nani amebadilika tangu wiki iliyopita, musichana gani ameacha kuinua mukono.

Kisha vita vikarudi. Tangu 2022 familia za Rutshuru, Nyiragongo na Masisi zilijaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, chini ya mahema, juu ya mawe. Watoto walisoma nusu siku ao hawakusoma. Mwezi wa kwanza wa 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, mwezi wa pili Bukavu. Kambi za kandokando ya Goma zilibaki bila watu. Wengine walirudi vijijini ambako masomo hayakuwa tena na mabati, wengine waliingia katika nyumba za ndugu na za watu wema. Hata hivyo, mwaka huohuo, wafinalisti wa Goma na Bukavu waliketi kwa Exetat. Kwa mara ingine tena kalamu ilipita fasi ambapo gari halikupita.

Katika mwaka wa 2016 Kongo ilikubali tamko la inchi mbalimbali la kulinda masomo wakati wa vita, lenye kusema kambi ya askari isiwekwe ndani ya shule. Tuendelee kulikumbusha kwa kila mwenye bunduki, awe wa upande gani.

Mutoto aliyekimbia anahitaji nini

Watu waliofanya kazi na wanafunzi katika vita vya inchi nyingi waliandika kanuni za masomo wakati wa hatari, zikatoka mara ya kwanza katika mwaka wa 2004. Zinasema jambo ambalo mababu zetu hawangelishangaa: mutoto aliyeogopa hasomi vizuri mupaka mwili wake uamini kama hatari imepita. Halali usiku. Anasikia mulango ukifungwa kwa nguvu, anaruka. Anasoma mustari mara tatu na haumuingie. Muzazi anafikiri ni uvivu, mwalimu anafikiri ni ujinga.

Wengi wanapona bila dawa, kama wanapata vitu vichache kila siku: saa inayojulikana, mutu mukubwa anayewasikiliza, wenzao wa kucheza nao, na kazi ndogo wanayoweza kuimaliza. Wachache wanahitaji muuguzi ao mutu wa elimu ya moyo, na hao wapelekwe kwenye kituo cha afya bila haya. Tazama vizuri liste hiyo: saa, mutu wa kusikiliza, wenzake, kazi ndogo. Ni kengele, mwalimu wa kwaya, ekipe na shamba. Vile vitu ambavyo njaa ya miaka ya 1990 iliua kimyakimya ndivyo vitu ambavyo mutoto wa vita anavihitaji mbele ya kuweza kukamata hesabu.

Kwa hiyo yule anayesimama katika mukutano na kusema tukate michezo ili watoto wapate diplome, historia inamupinga. Muchezo ni sehemu ya njia ya kufikia diplome. Hatusemi mupira ufundishe kemia. Tunasema mutoto ambaye ana sababu ya kupenda kurudi shuleni kesho ndiye atakayekuwako siku ambayo kemia itafundishwa.

Mambo ambayo kamati inaweza kufanya bila feza nyingi

La kwanza, saa mbili za Jumamosi. Mupira mumoja, kwaya, teatre, mashindano ya maswali kati ya madarasa. Wafinalisti waongoze watoto wa darasa la 7 na la 8. Yule anayefundisha mwenzake anajifunza mara mbili, na hiyo ni matayarisho ya Exetat pia. Wasichana wapate saa yao uwanjani, sio kukaa kando na kushika nguo za wavulana.

La pili, kufukuza mutoto mbele ya wenzake kuishe. Deni ni la muzazi; aitwe muzazi, kwa barua ao kwa simu. Kwa familia zilizokimbia, kamati ipange kulipa kidogo kidogo, ao kazi ya mikono ya muzazi ihesabiwe. Kuna kamati ambazo muzazi seremala alitengeneza viti na deni likafutwa. Hiyo ni akili ya kwetu.

La tatu, mwalimu mumoja mwanamuke na mumoja mwanaume wachaguliwe, ambao mwanafunzi anaweza kuwaambia shida yake. Wasichana wanajua juu ya nini tunasema hivyo. Pointi zinazoombwa kwa mwili wa musichana ni wizi na ni kosa mbele ya sheria, na historia ya Sophie Kanza isiishie mikononi mwa mwalimu wa namna hiyo. Tuangalie pia choo chenye kufungika na maji. Musichana asiye na fasi ya kujisafisha anapoteza siku nyingi kila mwezi.

La ine ni kwa nyinyi wazazi muliokimbia. Karatasi za mutoto, bilteni za miaka iliyopita na cheti cha primaire, mufunge ndani ya plastiki na mumupe mutu mumoja wa familia azibebe mbele ya vyungu. Kama zilipotea, mutafute mwalimu ao prefe wa shule mulikotoka. Wengi nao wako katika ukimbizi, mara nyingi katika mutaa uleule. Nguvu ya Exetat ni kwamba inamungojea mutoto popote alipo. Mwaka uliopotea unauma, lakini haufunge njia ya diplome.

Mababu zetu walinyimwa kiti katika koleji. Baba zetu walipata kiti, wakachezeshwa animation. Sisi tulilipa prime chini ya mabomu. Tumewaachia watoto masomo yaliyochoka, ni kweli, lakini yanasimama, na mutihani mumoja unaowafanya wawe wa inchi moja. Mukutano wa kamati unapoitwa, nendeni. Na yule ndugu akisimama kusema tukate mupira, mumusikilize kwa heshima, kisha mumuulize: yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, ni kitu gani kilimufanya arudi shuleni kesho yake?